Usianzie juzuu ya nane! (Fullmetal Alchemist)

Mkuu, weka simu chini kwanza. Usianzie juzuu ya nane. Kama umeshafungua, funga.

Nimeona ulichoandika: umemaliza anime (katuni ya TV ya Kijapani) ya Fullmetal Alchemist ya mwaka 2003, episodi zote 51, sasa unataka kuhamia kwenye manga (vitabu vya katuni) ya Hiromu Arakawa, na kuna rafiki yako kakwambia mwanzo ni uleule kwa hiyo uruke juzuu saba uende moja kwa moja kwenye mapya.  

Huyo rafiki yako ni ndugu wa yule aliyenishauri mimi, kama si yeye mwenyewe. Wa kwangu alikuwa kwenye kundi moja la Telegram, mjuaji, anajibu kila mtu kabla swali halijaisha. Aliniambia, "Mwanangu, hizo saba umeshaziona kwenye anime, unapoteza bando." Nami kwa uvivu wangu nikaona huyu ni mtu wa Mungu, anahurumia bando la mwenzake. Baadaye nimekuja kugundua hata yeye hakuwahi kusoma hizo saba. Anasambaza ushauri wa kuruka vitu alivyoviruka yeye mwenyewe!

Kwa msiojua: ni hadithi ya ndugu wawili, Ed na Al, waliojaribu kumfufua mama yao kwa alkemia, ile sayansi ya kugeuza kitu kuwa kingine; Ed akapoteza mkono na mguu, Al mwili mzima. Elewa ilivyokuwa. Manga ilianza 2001 kwenye jarida la Monthly Shonen Gangan. Anime ya kwanza ikaanza kurushwa Oktoba 2003, hadithi bado iko mbali kabisa na mwisho. Studio ya Bones haikuweza kumsubiri Arakawa, yeye akaridhia waende na mwisho wao. Manga yenyewe ilikuja kwisha Juni 2010, sura 108, juzuu 27. Watu wanadhani hizi mbili zilitembea pamoja mpaka njia panda ndipo zikaachana. Hapana. Zinaachana ukiwa bado kwenye juzuu ya pili, na hakuna anayekugutusha kwa sababu sura na majina ni yaleyale.

Mfano mwepesi: Shou Tucker, yule shetani aliyemuunganisha binti yake Nina na mbwa. Kwenye anime anarudi akiwa kiumbe cha ajabu. Basi mimi nikaingia juzuu ya nane namsubiri. Nikamsubiri juzuu ya kumi. Nikamsubiri ya kumi na tano, nawaambia na wenzangu kazini kwamba huyu Tucker atatokea tu, Arakawa anamficha. Mkuu, kwenye manga Scar, yule muuaji wa waalkemia, alimuua Tucker juzuu ya pili! Nilikuwa namsubiri marehemu. Chekeni, nimeshazoea.

Hughes, yule mwanajeshi, ndiyo usiseme. Kibanda cha simu ni kilekile, na yule adui Envy anayevaa sura ya mke wake ni yuleyule, kwa hiyo unajiona unajua. Lakini alichogundua kabla ya kufa ni kitu kingine kabisa. Kwenye anime alikuwa anamfuatilia yule katibu wa Bradley, mtawala wa nchi. Kwenye manga alitazama ramani ya nchi, akaunganisha sehemu zilizomwagika damu, akaona duara. Sasa ile ramani inakuja kurudi huko mbele na ndiyo mhimili wa njama yote. Wenzangu wanapiga kelele, "Kumbe Hughes alijua!" Mimi nauliza alijua nini.

Halafu Winry, rafiki yao Ed na Al wa utotoni. Anime inasema wazazi wake waliuawa na Mustang, yule mwanajeshi wa alkemia ya moto, kwa amri ya jeshi. Nimemchukia Mustang juzuu kadhaa, kila akiwasha moto wake namtukana. Ikafika pale Winry anaokota bastola na kumwelekezea Scar, nikasema huyu dada amekosea mtu. Kumbe aliyekosea mtu ni mimi. Kwenye manga ni Scar aliyewaua, na walikuwa wamemfunga bandeji muda mfupi uliopita. Ed anamzuia Winry asipige risasi, anamwambia mikono yake si ya kuua, ni ya kuleta uhai, na anamkumbusha yule mtoto aliyemsaidia kuzaliwa kule Rush Valley. Mtoto gani? Nikarudi nyuma kurasa nne, tano, sikuona mtoto. Mtoto yuko juzuu ya tano, mkuu! Usiku wa dhoruba, daraja limekatika, daktari hawezi kufika, na Winry, binti ambaye amesoma tu vitabu vya udaktari vya marehemu wazazi wake anaamua kushika kazi huku Ed na Al wanahangaika nje kama kuku waliomwagiwa maji. Unasoma unacheka. Arakawa anakuchekesha juzuu ya tano ili akuvunje moyo baadaye, na mimi nilipokea ile ya kuvunja moyo bila ile ya kuchekesha, ikapita kavu.

Hayo yote ningeyameza. Lililoniumiza ni kaburi.

Anime ya 2003 inakufundisha kwamba mahomunkulasi (watu wa kuundwa kwa alkemia, maadui wakuu kama Envy) wanatokana na watu waliojaribu kufufuliwa ikashindikana. Kwa hiyo kile kitu ambacho Ed na Al walikiunda usiku ule, kikawa kinatapatapa sakafuni, kikakua kikawa Sloth mwenye sura ya mama yao. Hilo ndilo nililokuwa nalo kichwani. Na kwenye manga Sloth ni jitu kubwa linalochimba handaki na kulalamika kwamba kila kitu ni usumbufu. Nikasema sawa, wamebadilisha jina tu, mama yuko mahali fulani atatokea. (Na yule mtoto wa Izumi, mwalimu wao aliyejaribu kumfufua mwanawe, naye nilikuwa namsubiri. Hayupo. Foleni yangu ya watu wasiokuja ilikuwa ndefu.)

Sasa juzuu za katikati Ed anarudi kijijini kwao Resembool. Usiku anamsikia baba yake, Hohenheim, anamuuliza Pinako, bibi yake Winry: ulichokizika, una hakika kilikuwa Trisha (mama yao)? Ed anaondoka na hilo swali. Anamwomba Pinako wakafukue. Mvua inanyesha, na mvua ikinyesha pale mkono na mguu vilipokatika panamuuma. Anachimba. Anatapika. Bibi anamwambia waache, anakataa, anachimba tena. Wanapata nywele, zimeganda matope. Wanazisuuza. Ni nyeusi. Mama yao alikuwa na nywele za hudhurungi. Wanachukua mfupa wa paja, wanaulinganisha na kimo chake, haulingani.

Hakuwa mama.

Unajua mimi nilifanya nini na kurasa hizo? Nilizipitisha kwa kidole gumba. Nilikuwa nimelala chali, simu juu ya uso, nikawa najiuliza huyu anafukua nini wakati mama yake yuko hai na ni homunkulasi? Nikaona ni kurasa za kujaza jarida. Nikaruka mbele kutafuta mapigano.

Pale ndipo hadithi nzima inapogeuka, jamani. Ed amebeba miaka yote ile hofu kwamba alimrudisha mama yake duniani akiwa vile kisha akamuua mara ya pili. Chini ya mvua ile anajua kwamba hakumgusa. Anajua kwamba aliyekufa harudi, kwa njia yoyote, kwa bei yoyote. Na papo hapo anapata tumaini, kwa sababu kama kile kitu hakikuwa mama, basi mwili wa Al haukulipwa ukaisha. Uko mahali. Na kilichopo kinaweza kuchukuliwa. Izumi naye, ambaye amekaa miaka akiamini alimtesa mtoto wake mwenyewe, anatuliwa mzigo na swali hilohilo. Juzuu zote zilizobaki zinasimama juu ya nywele nyeusi zilizosuuzwa, na mimi nilizipitisha kwa gumba kwa sababu bwana mmoja wa Telegram aliniambia nimeshaona.

Kuanzia hapo nilikuwa nasoma kama mgeni. Al anauona mwili wake Langoni, kule ambako alkemia ilichukua malipo yake, umekonda, nywele na kucha ndefu, mimi nauliza huyu mgonjwa ni nani. Mwisho Ed anatoa Lango lake mwenyewe, anaacha alkemia milele ili ndugu yake arudi, na yule Ukweli, kiumbe wa Langoni, anatabasamu kwamba hilo ndilo jibu sahihi. Mimi nikahesabu kwa ile sheria ya sawa kwa sawa ya anime (ukitaka kitu, toa chenye thamani ileile), nikasema kijana kapigwa bei. Wakati ndugu wale wawili walikuwa wameshaivuka sheria hiyo: ukipokea kumi, ongeza moja yako, wapitishie wengine kumi na moja. Hata Ed anapomwomba Winry uchumba pale stesheni, anaanza na nusu ya maisha yangu kwa nusu ya yako, kifundi kabisa, na Winry anamwona mjinga wa kupanga bei. Hapo angalau nilicheka, hata aliyeruka anacheka.

Ila ukurasa wa mwisho ulinipita. Kuna maneno ya kufungia pale kuhusu funzo lisilo na maumivu. Nikayasoma, nikadhani ni maneno ya kuagana, nikafunga, nikaandika kwenye kundi "imeisha vizuri ila wameisifia mno." Naomba mtu asinitafutie ile meseji. Miezi baadaye nikaazimwa juzuu ya kwanza, nikafungua ukurasa wa kwanza kabisa, na maneno ni hayohayo! Yanaanzia pale, mtoto anavuja damu sakafuni, na sura ya 108 inayarudia kisha inayaongezea kipande kilichokosekana. Miaka tisa mwandishi ameshikilia jibu mkononi. Mimi nilisoma jibu kabla ya swali, na kusoma upya hakurudishi ile mara ya kwanza. Nimesoma upya zote 27. Nimefurahi, sikatai. Lakini kwenye kaburi nilikuwa nimeshajua rangi ya nywele.

Najua kuna wadau watakuja hapa chini kusema aangalie Brotherhood ya 2009, inafuata manga, yamekwisha. Inafuata, na ni nzuri, episodi 64. Ila mwanzo wake imeukimbiza kwa sababu ilijua watu wametoka kuona ile ya kwanza. Kisa cha mgodi wa Youswell hawakukiweka mahali pake. Ed anageuza lundo la mabaki ya makaa kuwa dhahabu, anamlaghai Yoki, ofisa mwenye mgodi, hati ya mgodi, kisha anawauzia wachimbaji kwa bei ya malazi na chakula. Ukikisoma hicho juzuu ya kwanza, halafu huyo Yoki mwenye masharubu akaja kutokea tena amechakaa, na baadaye akamgonga homunkulasi Pride kwa gari, utaanguka kitandani. Ukikikosa, ni mzee tu ana gari.

Na kitu kingine hakuna anime itakupa: mwisho wa juzuu Arakawa anachora utani, na kuna mahali waliokufa ndani ya juzuu hiyo wanapaa mbinguni wamevaa kimalaika. Umetoka kulia, unageuza ukurasa, marehemu wako anapaa. Mama huyu amekulia kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa Hokkaido na anajichora yeye mwenyewe kama ng'ombe, kwa hiyo usitegemee aheshimu machozi yako.

Kwa hiyo: juzuu ya kwanza, ukurasa wa kwanza. Ukihisi "hii nimeiona," soma polepole zaidi hapohapo, maana hapo ndipo panapodanganya. Na kabla hujamsikiliza tena huyo rafiki yako, muulize Tucker alikufa juzuu ya ngapi. Akikujibu kwamba bado hajafa, mtoe kwenye kundi.