Nilizinduka tumbo likiwa salama, mguu haunyanyuki

Upasuaji wangu wa tumbo ulichukua saa 7. Nilipozinduka mawazo yote yalikuwa kwenye mshono. Usiku ndipo nilipojaribu kuvuta vidole vya mguu wa kushoto kuelekea kwangu, vikagoma. Juu ya wayo pamekufa ganzi. Nikajiambia ni dawa ya usingizi haijaisha, nikanyamaza hadi asubuhi. Usinyamaze kama mimi.

Nilikuwa nimevalishwa soksi za kubana na mifuko ya hewa inayojaa na kupungua kwa zamu, ili damu isitulie miguuni ikaganda. Sina ugomvi na vifaa hivyo. Donge likichomoka mguuni likafika mapafuni, linaweza kuua. Ila chini kidogo ya goti, upande wa nje, kuna neva inayozunguka shingo ya mfupa mwembamba. Papapase uone ngozi na mfupa vilivyokaribiana. Soksi ikijikunja hapo, au ukingo wa mfuko ukigandamiza kwa saa nyingi, neva inaumia. Nami nilikuwa nimekonda mno, hata mafuta ya kuikinga sikuwa nayo.

Kwa hiyo kabla ya siku yenyewe, sema kama una kisukari, miguu yenye ganzi, au ateri za miguu zilizoziba, maana huenda vifaa hivi visikufae. Miguu ipimwe kwa utepe, saizi isikisiwe kwa macho. Uliza pia utalazwaje. Miguu ikiinuliwa kwenye vishikizo vya kitanda cha upasuaji kwa zaidi ya saa 4, misuli inaweza kuvimba ndani ya utando wake hadi ikakosa damu.

Hilo la mwisho ndilo la kuogopa kuliko langu. Shavu la mguu linakakamaa, maumivu yanapita kiasi, na ukikunjwa vidole unapiga kelele. Mapigo ya damu yanaweza kuwepo bado, yasikutulize. Mwite muuguzi papo hapo, kwani misuli huanza kufa ndani ya saa chache. Aliyechomwa dawa ya ganzi mgongoni awe macho zaidi. Maumivu yanaweza kufichika.

Mimi nilitembea na kishikio cha kifundo, nikifanya mazoezi kila siku. Wiki ya 11 kidole gumba kilitikisika. Nikamwita mke wangu aje atazame, akasema haoni kitu. Kikatikisika tena.