Wajumbe Sitini, na Maji Yanajaa Saa 10

Maswali ya wasomaji kuhusu kutembeza na kukirimu wageni wa mikutano

SWALI: Assalaam aleikum. Kamati yetu inapokea wajumbe 60 kwa mkutano wa siku tatu hapa Mjini. Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, tunataka kuwapeleka kisiwa cha Changuu kuona kobe, kisha tumalizie kwenye fungu la mchanga la Nakupenda. Kwa kalenda ya Kiislamu siku hiyo ni mwezi 15 Rajabu. Tukodi boti ngapi na tuondoke saa ngapi?
Katibu wa kamati, Kikwajuni

JIBU: Waaleikum salaam. Kabla ya boti, tazameni maji. Mwezi 15 ni bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa sana. Siku za bamvua hapa Unguja maji hupwa sana kwenye saa 4 au saa 5 asubuhi, na hujaa karibu na saa 10 alasiri. Tofauti kati ya kupwa na kujaa hukaribia mita 4. Mkiondoka saa 8 mchana mtaona kobe bila shida, lakini mkielekea Nakupenda fungu litakuwa limeshafunikwa. Nahodha atawaonesha kwa kidole mahali lilipo, na wageni hawataona kitu isipokuwa maji.

Tunawashauri mgeuze ratiba: mada zisomwe mchana na matembezi yawe asubuhi. Ondokeni saa 2:30. Anzeni Nakupenda, mkae hapo kuanzia saa 3 hadi saa 5, kisha muende Changuu. Utaratibu huu una sababu yake. Maji yakiwa yamepwa kabisa boti haifiki ufukweni Changuu, na mgeni hulazimika kutembea juu ya mawe yenye utelezi. Ikifika saa 6 maji yameshapanda, na boti inasogea hadi karibu na mchanga. Saa 7:30 mko Mjini tena.

Kama mwenyekiti hakubali kuhamisha mada, acheni Nakupenda na muende Changuu peke yake alasiri. Hiyo nayo ni safari nzuri, ila jueni kwamba upepo wa alasiri huwa na nguvu kuliko wa asubuhi, hasa wakati wa kusi, na wanaokaa mbele ya boti hurudi wamerowa. Siku ikisogezwa, hesabuni upya: kila siku maji huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Wiki ya maji mafu, yaani mwezi 7 au 8 na mwezi 22 au 23, maji hayapwi sana na fungu hubaki dogo. Watu 60 hawataenea kwa raha.

Boti: wekeni watu 10 katika kila boti, hata nahodha akisema 15 wanaenea. Hizo ni boti 6. Ya saba iwe ya akiba, ibebe mtu wa kamati, maji ya kunywa na kisanduku cha huduma ya kwanza. Jaketi okozi zihesabiwe pwani, si baharini, na kila mjumbe afunge vifungo vyake mbele ya nahodha kabla ya kupanda. Kila boti iwe na orodha yake ya majina, na mtu arudi na boti aliyokwenda nayo. Wageni wakianza kubadilishana boti kwa sababu wamepata marafiki, hakuna tena anayejua nani amebaki kisiwani.

Usiku wa kuamkia safari, tangazeni kwamba kupanda boti ni kuingia maji ya magoti. Mjumbe aliyekuja na viatu vya ngozi na kompyuta begani huchelewesha wenzake wote. Wenye kichefuchefu cha bahari wanywe dawa nusu saa hadi saa moja kabla ya kuondoka. Ikinywewa ndani ya boti imeshachelewa. Kobe wasikaliwe mgongoni, walishwe majani yanayotolewa na wahudumu tu, na kila aliyewagusa anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, kwani hubeba vijidudu vya kuharisha. Wageni watauliza historia, basi muongozaji awe nayo: kobe wa mwanzo waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, na jengo la gereza la mwaka 1893 lilitumika kama karantini. Tena ulizeni mapema kama bei ya boti inajumuisha kiingilio cha kisiwa. Mara nyingi ni malipo mawili tofauti, na ugomvi wa pesa mbele ya wageni ni aibu.

SWALI: Nina wajumbe 80 wanaotaka kuzunguka Mji Mkongwe kwa miguu. Nafasi pekee kwenye ratiba ni Ijumaa, saa 6 hadi saa 8 mchana. Itafaa?
Mratibu, Vuga

JIBU: Haitafaa. Huo ndio wakati wa sala ya Ijumaa. Maduka yanafungwa, waongozaji wengi wanataka kuwa msikitini, na jua liko utosini. Ombeni saa 3 hadi saa 5 asubuhi, au saa 9:30 hadi saa 11:30 jioni.

Msiwatoe 80 kwa pamoja. Kuna vichochoro ambamo watu wawili wakikutana na baiskeli, mmoja lazima apande barazani. Gaweni makundi 6 ya watu 13 au 14, kila kundi na muongozaji mwenye kitambulisho cha kazi. Matatu yaanzie Ngome Kongwe na matatu yaanzie Mkunazini, yakipishana kwa dakika 15. Spika ya mkononi haitakiwi kabisa. Watu wanaishi humo, wana wagonjwa na watoto waliolala, na kundi dogo husikia bila spika.

Mkunazini pawe na dakika 40 kamili. Soko la watumwa lililokuwa hapo lilifungwa mwaka 1873, na kanisa la Anglikana likajengwa papo hapo. Vyumba vya chini vina dari fupi, mtu mzima huinama, na asiyeweza kukaa mahali pa kubana aambiwe kabla ya kushuka. Tunaomba jambo moja kwa moyo wote: msipange ununuzi wa kanga na vinyago mara tu baada ya hapo. Wapeni watu dakika 10 za kukaa uani, wengine hutoka wakilia.

Beit al-Ajaib, jengo la Sultan Barghash la mwaka 1883, liliporomoka sehemu tarehe 25 Disemba 2020. Msiliandike kwenye ratiba kama mahali pa kuingia kabla ya kupata uhakika. Kwenye barua ya mwaliko andikeni pia kwamba mabega na magoti yafunikwe, na kwamba mtu haombwi radhi baada ya kupigwa picha. Huombwa ruhusa kabla.

SWALI: Nimepewa kazi ya kupika chakula cha usiku cha wajumbe 120, nje, na kikundi cha taarabu. Wengi ni wageni kutoka Ulaya. Nikadirie vipi?
Mpishi, Mwembetanga

JIBU: Mchele wa pilau, kilo 1 kwa watu 8, yaani kilo 15. Usipike kwa kipimo cha harusi. Wageni hawa hula wali kidogo na mboga nyingi. Pweza hupungua nusu au zaidi akichemshwa, kwa hiyo kwa gramu 80 za kila mtu nunua kama kilo 20 mbichi. Mtu mmoja kati ya wageni wa aina hii hula mboga tupu, mwingine hagusi samaki wa gamba, mwingine karanga au korosho zinamdhuru kweli. Orodha hiyo idai kwa kamati wiki moja kabla. Weka kibao mbele ya kila sufuria kinachotaja vilivyomo, na upawa wa pweza usiingie kwenye mchuzi wa mboga.

Kuhusu saa: Magharibi hapa huingia kati ya saa 12:10 na saa 12:45 kwa kutegemea mwezi, na Isha hufuata baada ya saa moja na kitu. Waambie kamati hotuba zimalizike kabla ya Isha na ngoma ianze saa 2 usiku imeshapita. Ukumbi ukiwa juu ya paa la nyumba ya kale, uliza ngazi ziko ngapi na kama kuna mjumbe asiyeweza kuzipanda. Lifti ni adimu huko.

SWALI: Mimi ni mwalimu. Nimealikwa kutoa mada Rhodes, Ugiriki, mwezi wa Agosti. Ratiba ina matembezi ya Lindos na safari ya boti kwenda kisiwa cha Symi. Navaa buibui. Nijiandae vipi?
Mwalimu, Wete

JIBU: Hongera, Mwalimu. Anza na viza ya Schengen. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipelekwe chini ya siku 15 kabla. Bima ya safari isipungue euro 30,000. Jina kwenye mwaliko lifanane herufi kwa herufi na la pasipoti. Waulize waandaaji kama matembezi yamo kwenye ada ya kujisajili, maana mara nyingi hulipiwa peke yake.

Lindos iko karibu kilomita 50 kusini ya mji wa Rhodes. Magofu ya hekalu la Athena yako juu ya jabali la mita 116, na kivuli ni haba. Ngazi zake zimesuguliwa na nyayo mpaka zinateleza hata zikiwa kavu. Vaa raba zenye soli ya kushika. Buibui lako likunjwe ncha lisiguse kifundo cha mguu, na ndani vaa suruali nyepesi, kwani hatari ni kulikanyaga wakati wa kushuka. Chukua lita 1 ya maji. Chagua kundi la asubuhi.

Kwenye chakula, mishikaki yao iitwayo souvlaki mara nyingi ni nguruwe. Uliza kama ni kuku. Pweza wa kuchoma utamfurahia, lakini wa mchuzi huenda amepikwa kwa mvinyo.

Symi ndiyo ya kuangalia zaidi. Julai na Agosti huvuma upepo wa kaskazini uitwao meltemi. Jua linawaka, anga halina wingu hata moja, na bahari imechafuka. Aliyezoea kupima hali ya bahari kwa mawingu hudanganyika. Upepo ukizidi, mamlaka ya bandari huzuia boti kutoka, na unaweza kulala Symi bila kupanga. Beba dawa zako zote na chaja ya simu, na tiketi ya ndege ya kurudi isiwe ya siku hiyo wala ya asubuhi inayofuata.