Maswali Yenu ya Michezo: Warren Moon, Kwotabeki Aliyekataa Kubadilishwa Namba

Shikamoo mzee. Nilitazama marudio ya fainali ya Super Bowl ya 2023, Mahomes dhidi ya Hurts. Nikasikia jina la Warren Moon likitajwa kana kwamba kila mtu anamfahamu. Ni nani? Na huyo kwotabeki hasa anafanya kazi gani? (Msomaji, Mombasa)

Marahaba. Tuanze na kazi, maana usipoielewa hutaona uzito wa habari ya Moon.

Katika futiboli ya Kimarekani kila timu ina watu 11 uwanjani, na timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea yadi 10 mbele. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Kwotabeki ndiye anayeupokea mpira kila shambulio linapoanza. Ana sekunde mbili au tatu tu. Wanaume wazito wanamjia mbio wamwangushe, naye asome jinsi walinzi walivyojipanga, achague wa kumpa pasi, kisha autupe mpira mahali ambapo mwenzake bado hajafika. Ukikosea, mpira unanaswa na wapinzani, na lawama zote ni zako.

Fainali uliyoitazama, ya Februari 12, 2023, ndiyo ya kwanza ambamo makwotabeki wote wawili walioanza walikuwa weusi. Kansas City ya Mahomes ilishinda 38–35. Moon anatajwa siku kama hizo kwa sababu mwaka 2006 alikuwa kwotabeki mweusi wa kwanza wa zama hizi za ligi kuingizwa katika Jumba la Mashujaa la futiboli ya kulipwa, kule Canton, Ohio.

Mimi naishi Edmonton, Kanada. Wazee wa hapa wanasema Moon alikuwa wao kabla ya kuwa wa Wamarekani, na kwamba Marekani hakuna timu iliyomtaka. Kweli? Mtu mwenye kipaji kile? (Msomaji, Edmonton)

Kweli tupu, na wazee wako wana haki ya kujivuna.

Mwaka 1977 Moon alikuwa kwotabeki wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle. Msimu ulianza vibaya, timu ikashinda mechi moja tu kati ya nne za kwanza, na mashabiki wa nyumbani wakamzomea. Yeye akaendelea na kazi. Washington ikatwaa ubingwa wa kanda yake, na Januari 2, 1978 ikaifunga Michigan 27–20 kwenye Rose Bowl, mechi kubwa ya vyuo. Moon alifunga mara mbili kwa kukimbia, akatupa pasi ya bao ya yadi 28, akachaguliwa mchezaji bora wa mechi. Kwa kawaida kijana wa namna hiyo hapati usingizi kwa simu za timu za kulipwa.

Lakini miaka ile wasaka vipaji walikuwa na imani waliyoilinda kama amana: kijana mweusi ana mbio na nguvu, ila nafasi ya kufikiri na kuongoza si yake. Basi kijana aliyekuwa kwotabeki tangu utotoni akifika kwa wakubwa anaambiwa acheze namba nyingine, awe mpokea pasi au beki wa nyuma. Angalia yaliyompata Marlin Briscoe. Mwaka 1968 alitupa pasi 14 za mabao akiwa kwotabeki mpya wa Denver, na mwaka uliofuata alikuwa Buffalo akicheza kama mpokea pasi. Moon naye aliambiwa vivyo hivyo tangu alipomaliza shule ya sekondari. Vyuo kadhaa vilimtaka kwa sharti la kubadilisha namba. Akakataa, akaenda kwanza chuo kidogo cha West Los Angeles ambako aliruhusiwa kutupa mpira.

Nisiseme mlango ulifungwa kabisa. Katika uteuzi wa 1978, ambapo timu za kulipwa huchagua kwa zamu vijana wa vyuo, Tampa Bay walimchukua Doug Williams, kwotabeki mweusi kutoka chuo cha Grambling, akiwa wa 17. Lakini mlango wa kupita mmoja kwa shida si mlango ulio wazi. Moon aliusoma upepo, akatia saini Edmonton kabla hata ya siku ya uteuzi. Siku ilipofika, raundi 12 zikapita na hakuna timu iliyotaja jina lake.

Watu wanasimulia jambo hili kwa huruma. Mimi naliona ni uamuzi wa mtu aliyejua thamani yake. Angeweza kubadilisha namba akapata mshahara mzuri nyumbani, karibu na mama yake. Akachagua baridi ya Alberta ili ahukumiwe kwa kazi aliyoijua.

Na Kanada si mahali pa kujificha. Uwanja wao ni mrefu na mpana zaidi, wachezaji ni 12, na nafasi za kusogea yadi 10 ni tatu, si nne. Ukipoteza moja tayari unabanwa, kwa hiyo lazima utupe mpira. Miaka ya mwanzo alipokezana na mkongwe Tom Wilkinson, akijifunza. Edmonton ikatwaa Kombe la Grey, la ubingwa wa Kanada, mara tano mfululizo, 1978 hadi 1982. Mwaka 1982 alifikisha yadi 5,000 za pasi kwa msimu mmoja, jambo ambalo hakuna kwotabeki wa kulipwa aliyelifanya kabla yake. Mwaka uliofuata akafikisha 5,648. Hapo timu za Marekani zilizokuwa zimenyamaza zikaanza kushindana kumpata, na Houston ikamchukua mwaka 1984.

Mimi ni mjane, nalea watoto wanne. Nimesikia mchezaji huyu naye alilelewa na mama peke yake. Naomba unieleze walivyoishi. (Mama, Arusha)

Pole mama, na hongera kwa kazi unayoifanya.

Moon alizaliwa Los Angeles mwaka 1956, mvulana pekee kati ya dada sita. Baba, kibarua, alifariki mtoto akiwa na miaka saba. Mama alikuwa muuguzi, akabaki na nyumba nzima mabegani. Kijana akajifunza kupika, kushona, kupiga pasi na kufagia, maana mama akiwa zamu lazima kazi ifanyike. Sekondari aliamua kucheza mchezo mmoja tu kwa mwaka ili miezi inayobaki afanye kazi na kusaidia nyumbani. Alichagua kuwa kwotabeki kwa sababu aliona hakuna anayemjua awezaye kutupa mpira mbali na kwa unyoofu kama yeye.

Tena shule ya mtaani kwao haikuwa na sifa, basi wakatumia anwani ya rafiki ya mama ili aandikishwe Hamilton, shule iliyokuwa bora kwa masomo na michezo. Mama yeyote aliyewahi kuhangaikia nafasi ya shule atalielewa hilo.

Mnamsifu sana, lakini hakuwahi kucheza hata Super Bowl moja. Tena ndiye aliyeongoza 35–3 akafungwa! Gwiji gani huyo? (Msomaji, Nairobi)

Umenigusa penye kidonda, kaka. Miaka hiyo nilikuwa nikiishi Houston.

Januari 3, 1993, Houston walikuwa Buffalo kwenye mechi ya mchujo. Kipindi cha kwanza Moon alitupa pasi nne za mabao, 28–3. Baada ya mapumziko tu Bubba McDowell akanasa pasi ya Buffalo akaenda kufunga, 35–3. Tulikuwa tumejazana sebuleni kwa rafiki, wengine wameshaanza kupanga safari ya mechi inayofuata. Kisha Frank Reich, kwotabeki wa akiba aliyekuwa akimshikia nafasi Jim Kelly aliyeumia, akaanza kufunga. Buffalo walipata pointi 28 katika robo ya tatu peke yake. Wakapita mbele, na Houston wakasawazisha 38–38 mwishoni. Muda wa nyongeza pasi ya Moon ikanaswa na Nate Odomes, Buffalo wakapiga mpira kati ya nguzo, 41–38. Kwa karibu miaka 30 hakuna timu ya ligi ile iliyotoka nyuma kwa pengo kubwa kuliko lile, hadi Desemba 2022.

Pasi ile iliyonaswa ilikuwa yake, sikatai. Lakini mchana huo alikamilisha pasi 36 kati ya 50 kwa yadi 371. Ulinzi ulioruhusu pointi 28 katika robo moja haukuwa wa Moon. Timu ya Houston ilifika mchujo miaka saba mfululizo, 1987 hadi 1993, na kila mara ikaishia raundi ya kwanza au ya pili. Hilo linaniuma hadi leo. Hata hivyo, ukimpima kwotabeki kwa pete za ubingwa tu, unampima kwa kazi ya kikosi cha watu 50 na zaidi.

Mpime kwa hili: Desemba 16, 1990, ugenini Kansas City, pasi zake zilisogeza timu yadi 527 katika mechi moja. Wakati huo katika historia ya ligi aliyemzidi alikuwa mmoja, Norm Van Brocklin, yadi 554 mwaka 1951. Akiwa na Minnesota, umri umeshapita 37, alivuka yadi 4,000 misimu miwili mfululizo. Alipostaafu alikuwa na miaka 44 na yadi 49,325 za NFL, ligi ya Marekani. Ongeza 21,228 za Kanada, inakuwa 70,553. Zile za Kanada zilitokana na miaka sita ambayo, kama ingekuwa haki, angeicheza kwao.

Namba ya jezi yake ilikuwa ngapi? Kijana wangu anataka kuiandika kwenye fulana. (Msomaji, Dodoma)

Moja. Klabu ya Houston, iliyohamia Tennessee na sasa inaitwa Titans, iliistaafisha kwa heshima yake mwaka 2006, yaani iliiondoa katika matumizi. Mwambie kijana aiandike kwa rangi nyeupe juu ya buluu ya mbingu, ndivyo tulivyoiona Houston.