Re: Mteja wetu amelemewa na madeni ya benki, sisi tuliomletea vipuri tufanye nini?

Ndugu, umeuliza kama benki inaweza kubeba vyote vilivyomo depo ya mteja wenu huku fakture (ankara) zenu zikibaki bila malipo. Inaweza, kama dhamana yake imeandikishwa RCCM (daftari rasmi la biashara na dhamana) na ninyi hamkuandikisha chochote. Kwa hiyo, kesho asubuhi nendeni girefye (ofisi ya karani) ya tribinali ya biashara hapa Lubumbashi, muombe hali ya dhamana za kampuni hiyo. Someni tarehe kwa makini: mali ileile ikiwekwa rehani kwa benki mbili, au rehani ikiandikishwa miezi mingi baada ya mkopo kutoka, hiyo huenda si kazi safi, iulizeni.

Ulichoeleza, mkopo mpya kila mwaka wa kulipa ule wa zamani, ndicho kinachoua. Kwenye vitabu vya benki deni linaonekana zima, ila kampuni haijalipa chochote kwa pesa ya mauzo yake, na riba inazidi kupanda. Siku benki inapofunga bomba, hata mishahara inakosekana.

Congo yetu (RDC) imo OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria za pamoja za biashara, tangu 2012. Kampuni ikishindwa kulipa, ina siku 30 za kujitangaza tribinali. Ikifunguliwa liquidation (kufilisiwa), wadai wanapeleka madai kwa sendiki, msimamizi aliyewekwa na tribinali, pamoja na fakture na bon (hati) za kupokea mzigo zenye sahihi. Ukichelewa, unaweza kupoteza haki.

Kwa mizigo ijayo, andikeni kwamba mali ni yenu hadi ilipwe. Sharti hilo lisainiwe kabla ya kukabidhi mzigo, kisha liandikishwe RCCM. Bila hivyo benki haitalijali.