Papai bichi lilivyoniharibia nyama ya suvidi

Mara ya kwanza kupika nyama kwa suvidi, yaani mfukoni ndani ya maji ya moto yasiyochemka, niliiandaa kama ninavyoandaa mishkaki: ndimu, chumvi, tangawizi ya kutwanga na papai bichi la kukuna. Nikaitia kwenye mfuko wa zipu, nikautumbukiza kwenye maji ya nyuzi 60, nikalala. Asubuhi nilikuta chakula cha mtoto anayeota meno.

Mashine ya kupashia maji haikuwa na kosa. Papai bichi lina kimeng'enya kiitwacho papaini, kinachovunjavunja protini za nyama, na tangawizi mbichi ina chake. Kwenye mkaa nyama huzipita nyuzi 60 mbio, kimeng'enya kikafa kabla ya kuleta madhara. Kwenye maji yanayokaa nyuzi 60 usiku kucha, umekipa ajira ya kudumu. Siku hizi natia chumvi, pilipili manga na bizari ya unga tu. Ndimu na tangawizi zinasubiri mchuzi.

Kwa ambaye hajaiona: suvidi (Wafaransa huandika "sous vide", yaani katika ombwe) ni kufunga chakula mfukoni bila hewa na kukipika kwenye maji ambayo hita inayashikilia kwenye joto lilelile. Sina mashine ya kunyonya hewa. Nauzamisha mfuko polepole, zipu ikiwa wazi kidogo juu ya maji, na maji yanaisukuma hewa nje. Mfuko uwe ule mzito wa kuhifadhia vyakula kwenye friza. Rambo zilishapigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, na hata zingekuwepo zisingefaa.

Faida yake kwetu ni nyama ngumu. Ng'ombe wetu ametembea malishoni maisha yake yote, amechinjwa alfajiri, na saa tatu asubuhi ameshaning'inia buchani. Steki yake unaitafuna kama kandambili. Kwenye joto dogo la muda mrefu, zile kamba ngumu huyeyuka taratibu zikawa kama jeli, na nyama haikauki. Nyama ya mguu niliipika nyuzi 62 kwa saa 24, nikamwekea mama mkwe mezani kwa majivuno. Akaikata, akaona uwaridi ndani. "Mwanangu, hii bado ina damu." Rangi ile ni ya mayoglobini, protini ya kwenye misuli, wala si damu, lakini mkwe habishiwi. Mara iliyofuata nilipandisha hadi nyuzi 70, saa zilezile 24. Uwaridi ukaondoka, ulaini ukabaki, sahani ikarudi tupu. Familia nyingi za kwetu nazishauri zianzie hapo. Kidari cha kuku chenye unene wa sentimita 3 nakipa nyuzi 65 kwa saa moja na nusu, na sishuki chini ya hapo.

Karoti usizichanganye na nyama mfuko mmoja. Nilijaribu, baada ya siku nzima nyama ilikuwa laini na karoti zinalia kwacha kwacha mdomoni. Kinachoshikilia mboga ni pektini, na hiyo hailegei mpaka maji yafike kama nyuzi 84. Karoti na kijiko cha samli kwa saa moja hapo, utamu wake wote unabaki mfukoni. Mchicha na sukuma achana nazo, sufuria inatosha.

Hofu yangu kubwa ni umeme. Usiku mmoja LUKU iliisha tumelala. Niliamka maji yakiwa vuguvugu, na sikujua yamekaa hivyo saa ngapi. Nyama nzima nikaitupa, roho ikiniuma. Sasa nahakikisha yuniti kabla ya kuwasha, na sufuria naifunika kwa mfuniko na blanketi isipoteze joto. Na kama huli siku hiyohiyo, tumbukiza mfuko kwenye maji ya barafu kisha friji: joto hili haliui mbegu za bakteria wa botulini, wale wanaotoa sumu ya kuua, na mfuko usio na hewa ndio wanaoupenda.

Nyama ikitoka majini haipendezi, ni ya kijivu. Ikaushe kabisa kwa kitambaa, kikaango kiwe kimeanza kutoa moshi, dakika moja kila upande. Maji yaliyobaki mfukoni usimwage. Yachemshe, yatatoa povu na mabonge, yachuje, kisha kaangia kitunguu na nyanya humo. Hapo sasa ile tangawizi na ndimu zinaingia, na ugali uwe tayari.