Madogo mnaoanza astrofizikia: mwanga na maada ya giza, msianzie pale wengi wanapoanzia

Kila mwaka naona wanafunzi wapya wanakwama palepale kwa hiyo niseme mapema, maada ya giza (ule uzito usioonekana tunaoujua kwa uvutano wake tu) haizuii mwanga. Wengi wanakuja na picha ya wingu jeusi limetanda angani linameza miale, hapana, hilo ni vumbi, na vumbi ni maada ya kawaida kabisa. Maada ya giza mwanga unapita katikati yake kama hamna kitu, mpaka leo hakuna aliyeiona ikiumeza wala ikiuakisi. Kinachojulikana ni kwamba inaupinda tu, kwa uvutano, vilevile kama Jua linavyopinda mwanga wa nyota, ile waliyoipima kina Eddington, mwanaastronomia Mwingereza, kwenye kupatwa kwa Jua tarehe 29 Mei 1919.

Sasa msikimbilie majina ya chembe zinazodhaniwa kuiunda maada ya giza. Najua ndiyo yananoga, sijui aksioni sijui nini, utakesha na video, ila hakuna hata moja iliyonaswa. Anzeni na lenzi ya uvutano, yaani uzito unaopinda mwanga unaopita karibu nao kama lenzi. Chukua glasi yenye kitako kinene weka juu ya karatasi ya viboksi, sogeza taratibu uone mistari inavyojikunja. Ndo kazi yetu hiyo, tunaangalia galaksi za nyuma zimepindwa vipi halafu tunapiga hesabu ya uzito uliokaa hapo mbele. Mwanaastronomia Fritz Zwicky mwaka 1933 aliona galaksi za kundi la Coma zinakimbia mno kuliko uzito unaoonekana ungeweza kuzishika, na 1937 akasema galaksi zinaweza kuwa lenzi, lenzi ya kwanza ikapatikana 1979 mzee ameshafariki.

Halafu kaeni sana na Bullet Cluster, aisee hii msiipite juu juu. Makundi mawili ya galaksi yamegongana, gesi ambayo ndiyo sehemu kubwa ya maada yao ya kawaida ikachelewa katikati, darubini ya Chandra inaiona kwa eksrei, lakini ramani ya 2006 iliyochorwa kutokana na mwanga kupindwa ikaonyesha uzito mwingi uko pembeni, umepitiliza pamoja na galaksi. Ndiyo maana ukileta hoja ya "labda ni gesi tu hatujaihesabu" watu wanakuuliza umeiona hii?

Na takwimu jamani. Galaksi moja umbo lake mara nyingi linabadilishwa na lenzi asilimia 1 au chini ya hapo, na galaksi zenyewe zina maumbo ya kila aina tangu mwanzo, ukiangalia moja hujui imevutwa au ndivyo ilivyo, lazima uchukue wastani wa maelfu. Darubini ya angani ya Euclid ilirushwa Julai 2023 kwa kazi hiyohiyo, kwa hiyo mimi kwa maoni yangu anayejua Python (lugha ya kuandikia programu) na makosa ya vipimo ana faida kuliko aliyekariri milinganyo ya Einstein.

Picha za darubini ya Hubble ni bure, pakua ya kundi la galaksi Abell 1689 utafute matao ya mwanga uliopindwa kwa macho kwanza, usipoyaona ongeza kontrasti.