Mumeo Hana Nyumba Ndogo, Ana Nyumba ya Bao

Swali

Shikamoo somo. Mimi ni mama wa watoto wanne, nina miaka 55, naishi Tanga. Mume wangu alikuwa mwalimu wa hesabu sekondari, akastaafu mwaka jana alipofika miaka 60. Miezi miwili ya mwanzo alishinda ndani, akanikera sana. Anaulizauliza bei ya mchele dukani kwangu, anapanga makopo jikoni, nikifagia yupo, nikijilaza yupo. Nikamwambia, baba, mwanamume hashindi uani na wanawake, toka ukatafute cha kufanya.

Akatoka. Somo, sasa harudi! Kila siku baada ya alasiri yuko barazani kwenye bao mpaka magharibi. Jumamosi anakwenda pwani na mshipi kama mtoto. Tena saa zake hazieleweki: Jumamosi moja ameondoka saa kumi na moja alfajiri, Jumamosi iliyofuata saa tano asubuhi, na haagi. Analeta samaki wawili watatu, tunakula, lakini hiyo ndiyo kazi ya mtu mwenye pensheni? Kaka yangu alimshauri mkupuo, ile pesa aliyolipwa kwa pamoja alipostaafu, anunue bodaboda tatu, yeye kaka angezisimamia, akakataa. Pesa akamalizia paa, akalipa ada ya mtoto wa mwisho, nyingine sijui, ukiacha friji aliyoninunulia ya dukani.

Juzi usiku nimemsikia kwenye simu, sauti ya chini, anacheka: "Ile nyumba yangu usiiguse, kesho nakuja kuilinda." Nimelia mpaka asubuhi. Nimeamua kumwita kaka yangu na wazee wamweke kikao. Nishauri.

Mke Aliyechoka, Tanga

Jibu

Marahaba, mdogo wangu. Pole. Mwanamke akilala na shaka kifuani, usiku huwa mrefu. Sasa futa uso, vuta mkeka, maana barua yako nimeisoma mara tatu na kila nikiisoma namwona mumeo, sikuoni wewe unayeonewa.

Tuanze na hiyo nyumba iliyokuliza.

Umekaa na mcheza bao mwaka mzima na hujawahi kumuuliza mchezo wenyewe unakwendaje. Ungeuliza, ungejua kwamba ubao una mashimo 32, safu nne za mashimo manane. Kete ni 64. Mchezo unapoanza kila mtu anakuwa na kete 10 ubaoni na 22 za kunamua, yaani za kuingiza ubaoni moja moja. Na katika safu ya mbele ya kila mchezaji kuna shimo moja la mraba, tofauti na mengine yaliyo duara. Shimo hilo linaanza na kete 6, na jina lake ni nyumba. Ndiyo, nyumba! Mchezaji anayejua huitunza ijae, mpinzani anaiwinda usiku na mchana, na ikiliwa yenye kete nyingi mtu anaweza kukosa usingizi. Mumeo alikuwa anatambiana na mwenzake wa barazani. Sauti aliishusha kwa sababu ulikuwa umelala, au alidhani umelala.

Hilo limekwisha. Twende kwenye saa zisizoeleweka.

Wewe ni mtu wa Tanga, bahari iko hapo, nashangaa hili limekupita. Mvuvi wa mshipi hafuati saa ya ukutani, anafuata maji. Maji kujaa na kupwa yanachelewa kama dakika 50 kila siku. Zidisha kwa siku saba: dakika 350, yaani saa sita kasoro dakika kumi. Aliyetoka Jumamosi hii saa kumi na moja alfajiri, akitaka kuyakuta maji yale yale Jumamosi ijayo, atatoka karibu na saa tano asubuhi. Soma tena barua yako. Umeandika saa hizo hizo kwa mkono wako! Mwanamume mwenye hawara angekupangia uongo ulionyooka: kila Jumamosi saa nne, kikao cha ushirika. Huyu anakwenda na mwezi. Na ndoo ya samaki anakuletea wewe.

Shaka zako zote mbili zilikuwa na jibu ndani ya nyumba yako, zilihitaji swali moja tu. Lakini hukuuliza, na najua kwa nini. Ulikuwa umeshamtoa.

Mimi sikubali hiyo "akatoka" yako inayopita haraka kama mtu anayeruka dimbwi. Ulimtoa wewe. Mwalimu aliyeishi kwa kengele tangu ujana, kengele ya kuingia, ya kutoka, ya mapumziko, siku moja kengele imenyamaza. Hana darasa, hana chaki, hana mtoto wa kumwamkia koridoni. Akaja kwako. Kuuliza bei ya mchele ulikuona kero. Mimi namwona mtu wa hesabu anayetafuta pa kuweka hesabu zake. Kupanga makopo, vivyo hivyo. Alikuwa anabisha hodi kwenye maisha yako ya mchana, wewe ukamjibu hapa pana wenyewe.

Akafanya jambo la kiungwana ambalo wengi hawaliwezi: hakugomba, hakuingia kwenye pombe, hakulala hadi saa sita. Akajitafutia kengele mpya. Alasiri ni bao, Jumamosi ni maji. Akikaa ndani kero, akitoka kero. Unataka akae wapi?

Na bao usilidharau kwamba ni uvivu wa wazee. Mtu anahesabu kichwani kete zitaishia shimo lipi, zile nini, zizunguke tena wapi, na mwenzake naye anahesabu. Kwa mwalimu wa hesabu hiyo ni shibe. Baba wa Taifa, Mwalimu Nyerere, aliacha urais 1985 na uenyekiti wa chama 1990, akarudi Butiama. Kule alilima, alicheza bao, na akakaa kitako akaziweka Injili katika tenzi, zikachapwa 1996. Mtu aliyebeba nchi nzima aliona siku za mstaafu zinahitaji jembe, kete na kalamu. Mumeo mwalimu wa sekondari ana kosa gani?

Kuhusu pesa. Umenitajia pensheni, mkupuo, paa, ada, bodaboda na friji. Hukunitajia hata mara moja kama mwenye pesa ana afya, kama presha yake imepimwa, kama anapata usingizi. Mkono mtupu haulambwi, wahenga walisema, lakini huu si mtupu: umekuezekea nyumba, umemsomesha mtoto wako, umekununulia friji inayopooza soda unazouza wewe na faida unaweka wewe. Friji hiyo umeitupia mwisho wa sentensi kama kitu kilichookotwa.

Nami nitakwambia kuhusu bodaboda za kaka yako. Kelele zote za kikokotoo, ile kanuni ya kukokotoa mafao ya wastaafu, ulizozisikia miaka hii zilitoka wapi? Ni kwa sababu mkupuo ni sehemu tu ya mafao, yanayobaki yanakuja kidogo kidogo kila mwezi. Mkupuo ukipotea, hakuna mkupuo wa pili. Kijana wa bodaboda asipoleta hesabu ya siku, pikipiki ikigongwa, ikiibiwa, nani angemdai? Mstaafu wa miaka 60 amkimbize kijana wa 22? Au amdai shemeji yake, wewe ukae katikati? Nimeona wastaafu waliotia pesa kwenye kuku, kwenye matikiti, kwenye daladala ya mtu, na kila mara kulikuwa na ndugu mwenye wazo zuri na mikono mitupu. Mumeo alikataa kwa sababu anajua kutoa na kujumlisha. Sasa kaka huyo huyo ndiye unayetaka akae kikaoni kumhukumu. Hapana. Kikao hicho kifute leo.

Mumeo naye nina neno naye. Kuondoka bila kuaga ni kosa, na umri si kibali. Mtu wa miaka 60 akienda kwenye miamba peke yake na mshipi, mkewe ajue yuko ufuko gani na atarudi saa ngapi. Na hiyo "nyingine sijui" unayo haki ya kuijua. Muulize, ila muulize kama mwenzake, wakati mmekula mmeshiba, si kama mkaguzi aliyetumwa na ukoo.

Haya sasa niwaambie na wengine mnaosoma, kwa sababu barua za namna hii zinanijia kila mwezi, kutoka Mombasa hadi Mbeya, na moyo unaniuma. Sisi masomo, wafundaji wa mambo ya ndoa, tumewafunda mabinti miaka nenda rudi. Tumemfunda bibi arusi kumpokea mume jioni: maji ya kuoga, asumini, kauli laini. Hakuna aliyemfunda kumpokea mume saa nne asubuhi, siku ya kazi, akiwa hana pa kwenda. Ndoa za mjini zimekuwa za usiku. Mume ofisini, mke dukani, jioni kikoba, usiku kila mmoja na simu yake, uso unamulikwa na mwanga wa watu wengine. Miaka 30 inapita mkiendesha ada, mkopo, ujenzi, msiba na harusi. Mnafanya kazi pamoja vizuri sana, kama makarani wawili. Kisha watoto wanaondoka, barua ya kustaafu inakuja, mnabaki wawili sebuleni, na mnagundua hamjui mwenzenu anapenda nini. Tarehe ya kustaafu inajulikana tangu siku mtu anaajiriwa. Serikalini ni miaka 60, ukitaka mapema 55. Mnaipangia pesa. Nani ameipangia siku yenyewe, ile Jumanne ya kawaida, saa tatu mpaka saa kumi na mbili?

Mimi sikuipangia. Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa injini za treni. Alipostaafu alirudi na sanduku la bisibisi na koleo, akaanza kutengeneza redio za majirani kwenye meza ya sebuleni. Meza ikajaa nyaya, nyumba ikanuka lehemu. Nami nilikuwa nimefuma vitambaa vyeupe vya meza, nikamwambia aniondolee uchafu wake. Hakubisha. Alifunga sanduku, akalisukuma mvunguni, akahamia kwenye kiti cha dirishani. Alikaa pale miaka mitatu akiangalia barabara, na mimi nikafurahi kwamba mume wangu ametulia nyumbani. Baada ya arobaini yake jirani akaja kuulizia redio yake. Nikalivuta lile sanduku. Redio ilikuwemo, imefungwa kwa kipande cha khanga yangu kuukuu, juu yake karatasi yenye jina la mwenyewe, imebaki waya mmoja kuungwa. Vile vitambaa bado viko juu ya meza, na hakuna anayevichafua.

Kwa hiyo usinidhanie nakusema kwa kuwa nimemchagua mwanamume. Nakusema kwa kuwa wako bado anatoka, anacheka kwenye simu, ana kitu cha kukimbilia baada ya alasiri. Hiyo ni neema, na wewe ulitaka kuiitia wazee.

Fanya hivi. Duka lako lina daftari la madeni, najua halijanyooka, maduka yote ya uani ni hivyo. Mpe. Usimwambie "nisaidie", mwambie hesabu zimekushinda, kila Ijumaa usiku azipitie. Utaona miwani itakavyotafutwa. Siku moja mtume mtoto barazani na birika la kahawa chungu na kashata, wale wazee wajue bao lao lina mwenye nyumba anayeliheshimu. Na jioni moja mwombe alete ubao nyumbani akufundishe. Usiniambie bao ni la wanaume, ujanani nilikaa na wanawake Unguja waliowala waume zao mpaka kete ya mwisho. Mtakaa mkiangaliana, kitu ambacho hamjakifanya siku nyingi. Utashindwa kila siku kwa mwaka mzima, na atakufundisha kwa subira, kwa sababu kufundisha ndicho kitu anachokijua kuliko vyote na ndicho alichonyang'anywa.

Asubuhi za kati ya juma muachie nafasi yake ndani, kiti chake, redio yake, na wewe uwe na chako. Kukaa pamoja si kubanana. Bao liendelee, mshipi uendelee. Akikuaga, usimjibu kwa mguno.

Jumamosi hii akirudi, usimngoje ndani umenuna. Toka mlangoni, pokea ndoo mwenyewe. Angalia kama ni changu au tasi. Muulize amewapata kwenye mwamba upi, alitumia chambo gani, na maji yalianza kupwa saa ngapi. Kisha kaa chini uwaparue magamba huku akikueleza.